Usiuze Fahali Bora Ukabaki na Dhaifu

Mnunuzi wa ng'ombe afikapo kijijini hutazama zizi lote, kisha humwonyesha kwa fimbo fahali mkubwa kuliko wote. Bei ni nzuri, ada ya shule inangoja, na baba mwenye zizi hukubali. Anayebaki ni njeku mwembamba ambaye hakuna aliyemtaka, na huyo ndiye atakayewapanda majike. Hivyo kundi hurudi nyuma mwaka hata mwaka, na lawama zote hupewa malisho.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, na ng'ombe naye hurithi. Katika kila chembe ya mwili wa ng'ombe zimo nyuzi za urithi 60, ziitwazo kromosomu. Ndama hupata 30 kwa baba na 30 kwa mama. Lakini jike huzaa ndama mmoja tu kwa mwaka, na fahali mwenye afya aweza kupanda majike 25. Basi jike mbaya huharibu ndama wake mmoja. Fahali mbaya huharibu ndama wote wa zizi. Vilevile, ukitumia fahali mzuri kwa majike yako, na baadaye fahali mwingine mzuri kwa binti zao, robo tatu ya damu ya wajukuu itakuwa imetoka kwa mafahali hao wawili.

Je, achaguliwe namna gani? Usitazame rangi wala pembe. Linganisha njeku waliozaliwa majira mamoja na kulishwa pamoja, ukamchague aliyekua upesi, mwenye miguu imara na korodani mbili zilizo sawa. Kisha mtazame mama yake: je, huzaa bila kukawia, na maziwa yake humtosha ndama? Kumbuka kwamba unene uliotokana na malisho ya pekee haurithiwi.

Kuhusu aina, tusiwadharau ng'ombe wetu wa kienyeji. Ni wadogo, lakini huvumilia kiu, njaa na magonjwa kuliko wageni wa Ulaya. Mwenye kutaka nyama zaidi aweza kutafuta fahali wa Boran. Asili yao ni nchi ya Waborana, kusini mwa Ethiopia. Wafugaji wa Kenya waliwachagua kwa miaka mingi, na mwaka 1951 wakaunda chama cha kuilinda aina hiyo. Huko Kongwa, mkoani Dodoma, Waingereza walianza mpango mkubwa wa karanga mwaka 1947, nao ukaachwa mwaka 1951. Nchi iliyokataa karanga ilikubali ng'ombe, na ranchi ya Kongwa ikajulikana kwa Boran. Ndama wa kwanza wa Boran na jike wa kienyeji mara nyingi huwa na nguvu nzuri. Ila mtamba mdogo asipandwe na fahali mkubwa mno, asije akashindwa kuzaa.

Jambo jingine ni undugu. Fahali akimpanda binti yake, ndama aweza kupata kasoro ileile pande zote mbili, na ile iliyokuwa imejificha hujitokeza: ndama dhaifu, vifo, au majike yasiyoshika mimba. Kwa hiyo, fahali akimaliza miaka kama mitatu, kabla binti zake hawajapandwa, mbadilishane na jirani wa mbali.

Mtu atasema, “Nina majike watano tu, fahali wa kununua nitampata wapi?” Basi nyumba tano zenye majike watano kila moja zipatane na kununua mmoja. Kwanza bwana mifugo ampime ugonjwa wa kutupa mimba, maana fahali wa shirika aweza kuueneza. Tena njeku wengine wote wahasiwe mapema. Malishoni ng'ombe huchanganyika, na njeku mmoja asiyehasiwa hubatilisha fedha za nyumba zote tano.

Siku ya shida ikifika, mnunuzi apewe maksai, au jike tasa, au mzee aliyekoma kuzaa. Hao watalipa ada ya shule mwaka huu. Fahali bora abaki zizini, ili wapatikane maksai wazito wa kulipa ada ya miaka ijayo.