HESABU MAJANI YA MALISHO KABLA YA KUYALIMA



Ukiulizwa una ng'ombe wangapi, utajibu mara moja. Je, ukiulizwa malisho yako yana aina ngapi za majani? Wengi husema, "Ni nyasi tu." Lakini ng'ombe hasemi hivyo: yeye hula haya na kuacha yale. Wala kiangazi hakisemi hivyo, kwa kuwa majani mengine hukauka upesi na mengine hubaki mabichi.

Kuhesabu si kazi ngumu. Twaa daftari na kalamu, uvuke malisho kwa mstari ulionyoka. Kila baada ya hatua mbili simama, utazame mmea unaoguswa na ncha ya kiatu chako cha kulia, uuandike. Usitafute mahali pazuri. Acha kiatu kichague. Kama hujui jina la mmea, bandika kipande chake katika daftari na ukipe namba. Endelea hivyo mpaka umeandika mimea 100.

Sasa tuseme umepata aina 5, kila aina mimea 20. Jirani yako naye amepata aina 5, lakini mimea 96 ni ya aina moja, na zile aina nne nyingine zina mmea mmoja mmoja. Mkihesabu aina peke yake mtasema malisho yenu ni sawasawa, nayo si sawa hata kidogo. Mwaka 1949 mtaalamu wa hesabu wa Uingereza, Edward Simpson, alieleza kipimo kinachofaa hapa. Ukitwaa mimea miwili bila kuchagua, yaweza kuwa ya aina moja mara ngapi? Kwako ni kama mara 19 katika 100. Kwa jirani ni mara 92. Rudia hesabu hii kila mwaka, mwezi ule ule. Namba ikizidi kupanda, ujue malisho yanaelekea kuwa ya aina moja, hata kama hakuna aina iliyokwisha kutoweka.

Hata hivyo namba haielezi yote, na wakulima wa Kinangop wanalo jambo la kutazama zaidi. Katika miaka ya 1960 mashamba makubwa ya huko yaligawanywa kwa wakulima wa skimu. Katika nyasi za nyanda zile hukaa ndege mwenye tumbo la manjano na mgongo wa kahawia wenye michirizi, ambaye wataalamu humwita Macronyx sharpei. Hapatikani nchi nyingine yoyote ila Kenya, tena katika nyanda za juu tu, naye yumo hatarini kwisha. Hupenda majani mafupi yenye vishungi hapa na pale, na hujenga tundu lake chini, penye vishungi hivyo.

Mkulima akilima malisho yote, akapanda viazi, kabeji na mikaratusi, huenda hesabu ya aina ikapanda, maana ndege wa mitini watakuja. Lakini hao wako kila mahali. Yule wa manjano akiondoka, hana kwingi pa kwenda. Basi unapohesabu, uliza pia: ni aina gani isiyopatikana pengine?

Hatusemi usipande viazi. Karo ya shule hailipwi kwa ndege. Lakini kama una kipande chenye maji maji kisichozaa viazi vizuri, kiache kiwe malisho. Lisha ng'ombe na kondoo humo ili majani yabaki mafupi, kwa kuwa ndege huyu hakai katika majani marefu. Usiving'oe vishungi vyote kwa sababu ng'ombe havili. Mikaratusi ipande mbali na kipande hicho.

Kisha asubuhi moja, kabla ya kufungulia mifugo, pita humo polepole na daftari lako, uandike umewaona wangapi. Ukiona jozi moja, funga mbwa.