Mkeka na Fedha ya Kabichi: Kamari katika Milima ya Usambara

Kamari katika Wilaya ya Lushoto, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, haimlazimu tena mtu kusafiri hadi kasino ya mjini, kwa kuwa simu ya mkononi na mashine za sarafu, ambazo vijana huziita dubwi, zimeusogeza mchezo hadi karibu na vijiwe vya bodaboda. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, ambayo ndiyo iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, inaruhusu biashara hiyo kwa wenye leseni na kuwazuia walio chini ya umri wa miaka 18 kucheza. Kuhalalishwa kwa mchezo, hata hivyo, hakumwambii mkulima ni kiasi gani cha fedha yake anaweza kukiweka humo bila kuiumiza nyumba.

Suala hilo lina uzito wa pekee milimani, ambako mkulima wa kabichi, karoti au viazi wa Lukozi au Mlalo hapati mshahara wa mwezi, bali hupokea fedha kwa mkupuo dalali anapolipa shehena, kisha hukaa wiki nyingi akiitegemea fedha hiyohiyo kwa chakula, ada na mbegu. Kilimo cha mboga chenyewe kimejaa bahati nasibu, na mtu aliyezoea kuona bei ya gunia ikiporomoka kati ya shamba na soko haoni ajabu kubahatisha shilingi elfu moja zaidi.

Shilingi elfu moja hiyo mara nyingi huwekwa kwenye mkeka, yaani orodha ya mechi kadhaa zinazobashiriwa kwa pamoja, ambapo mechi moja ikienda kinyume mkeka wote huwa umechanika. Tuseme mchezaji amechagua mechi 10, kila moja ikiwa na odi ya 1.5, ambayo ni namba inayozidishwa na dau ili kupata malipo: odi hizo zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe hufikia takribani 57.7, na mkeka wa elfu moja huahidi zaidi ya shilingi 57,000. Kampuni ikiwa imejiwekea faida ya sehemu 5 katika kila 100 kwa kila mechi, uwezekano wa mkeka huo kutiki, yaani mechi zote kwenda kama zilivyobashiriwa, ni kama mmoja katika 96, kwa hiyo malipo ya haki yangekaribia shilingi 96,000, na katika mwendo mrefu mchezaji hurudishiwa takribani shilingi 600 kwa kila 1,000. Kila mechi inayoongezwa humpunja zaidi, ingawa kwa macho huonekana kumneemesha.

Anayetaka kucheza bila kujidhuru hana budi kulihesabu dau kama gharama ya burudani, alipange kabla ya kufungua simu, asilikope, na akome linapokwisha. Ugumu huanzia kwenye kukoma. Mkeka uliochanika kwa mechi moja humpa mchezaji hisia ya kukaribia ushindi, ilhali kwa hesabu amepoteza sawasawa na aliyekosa zote. Mchezaji huyo kisha huongeza dau ili kurudisha kilichopotea, akiamini kwamba bahati iliyomkwepa mara nyingi sasa inamdai. Imani hiyohiyo ilionekana katika kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913: gololi ya ruleti iliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji walipoteza fedha nyingi wakiibashiria nyekundu, kana kwamba gololi ina kumbukumbu.

Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, limeuweka uraibu wa kamari pamoja na maradhi mengine ya uraibu, na dalili zake kuu ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine, na kuendelea nao ijapokuwa anaona madhara. Nyumbani dalili hizo huonekana kwa sura ya kawaida zaidi: mikopo ya simu isiyoelezeka, akiba ya kikoba iliyotolewa kwa siri, uongo kuhusu bei ya mazao. Kwa kuwa Waislamu na Wakristo wa Lushoto husikia kamari ikikemewa, mgonjwa huficha, na kemeo zaidi humfanya afiche vizuri zaidi.

Kosa la kawaida la ndugu ni kumlipia madeni yote mara moja, kwa sababu hatua hiyo humfungulia nafasi ya kukopa upya. Afadhali madeni yaorodheshwe mbele ya mtu anayemheshimu, kama vile mjomba au mwenyekiti wa kikundi, akaunti za kubeti zifungwe, na laini ya kupokelea fedha ishikwe na mwenzake kwa makubaliano, si kwa kunyang'anywa. Anayezungumzia kujiua apelekwe hospitali siku hiyohiyo, asiachwe peke yake. Tiba yenyewe zaidi ni mazungumzo na mshauri, na milima hii haina ugeni na huduma za afya ya akili: Hospitali ya Lutindi, upande wa Korogwe, iliyoanza miaka ya 1890 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, imewahudumia wagonjwa wa akili kwa zaidi ya miaka 100. Kwa kuwa kurudia mchezo ni jambo la kawaida katika kupona, na fedha ya mkupuo ni kishawishi kikubwa, familia hufanya vyema kuamua kabla ya mavuno ni nani atakayepokea malipo ya dalali na ada italipwa siku gani.