Fundi wa Kompyuta Asitoke Mbali

Kidichi inasifika kwa mambo mawili: hamamu za Kiajemi zilizojengwa na Seyyid Said katika karne ya 19, na mashamba yake ya viungo. Hapana shaka kwamba kijana wa huko, anayemfunza mgeni kuupambanua mdalasini, anaweza pia kufunzwa kuitengeneza kompyuta.

Kazi hii ni ufundi, na kila ufundi una ngazi zake. Ya kwanza ni kubaini kasoro ya mashine, kuunganisha mtandao na kumsikiliza kwa subira mtu aliyekwama. Visiwani petu elimu ya umeme nayo ni lazima. Nani amelisahau giza la Unguja la mwaka 2008, na lile la Disemba 2009 hadi Machi 2010?

Ngazi ya pili ni cheti. Kile cha A+ cha CompTIA ya Marekani hupatikana kwa mitihani miwili, ambayo haifanywi kwa Kiswahili. Wahenga walisema ujuzi hauzeeki. Cheti hiki huzeeka baada ya miaka 3 kisipohuishwa. Kisha huja vyeti vya mitandao, kama CCNA ya Cisco.

Mkulima hawezi kumlipia mwanawe ada hizo peke yake. Tunaishauri Serikali iwadhamini vijana kupitia Mamlaka ya Mafunzo ya Amali na Taasisi ya Karume ya Mbweni, na maofisa wawapokee kwa mazoezi ya kazi. Shahada pekee haifufui mashine iliyozimika. Mkono uliozoea ndio unaoifufua.