Dawa ya Yusuf Ilikuwa Kicheko

Kila nikiitaja picha ya Azaad barazani, hakosekani mtu wa kunikatiza: "Ah, hiyo imeigwa kwa Watamil!" Kweli, wala sibishi. Malaikkallan, yaani mwizi wa milimani, ilitoka 1954, akicheza M. G. Ramachandran. Mwaka uliofuata mwelekezi yule yule, S. M. Sriramulu Naidu, akaitoa upya kwa Kihindi. Hata yule tajiri Abdul Rahim, kumbe ndiye mwizi mwenyewe, yumo katika zote mbili.

Lakini wasemao hivyo wamesahau hali ya Dilip Kumar wakati ule. Jina lake la kuzaliwa ni Yusuf Khan, mzaliwa wa Peshawar. Miaka na miaka alicheza watu wa kufiwa na kuachwa, hata majonzi yale yakamfuata nyumbani. Kazi ikageuka maradhi. Daktari wa mambo ya akili akamshauri atafute michezo ya kuchekesha.

Basi mtazame ndani ya Azaad! Mara tajiri muungwana, mara mwizi, mara anamtania Meena Kumari, ambaye naye tumezoea kumwona akilia. Ni mtu aliyetuliwa mzigo. Na kwa picha hiyo hiyo ya "kuigwa" alipewa tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora.

Alipofariki Julai 2021, akiwa na miaka 98, nyumbani kwangu walitaka tutazame Devdas. Mimi nikaweka Azaad.