Majina ya Maua ya Bustanini: Mfano wa Raskazone

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maua ya bustanini yanavyopata majina katika Kiswahili. Mfano wetu ni Raskazone, mjini Tanga, ambako maua ya zamani ya pwani na yale yaliyoletwa na wageni huota katika bustani moja.

Yako maua ambayo majina yake yamekwisha kuwa wenyeji. Asumini na waridi ni maneno yenye asili ya Kiarabu, lakini hakuna Mswahili anayeyaona mageni. Dalili ya uenyeji huo ni kwamba yamefuata ngeli zetu: ua ni asumini, mti wake mwasumini, ua ni waridi, mti wake mwaridi.

Mti wa maua mekundu uliotoka Bukini umeitwa mkrismasi, kwa kuwa huchanua karibu na mwezi wa Desemba. Jina hilo limebuniwa na watu wenyewe, nalo lafaa, ila wengine hulitumia pia kwa mti wowote unaopambwa wakati wa Krismasi. Boganvilia, iliyotoka Amerika ya Kusini na kupewa jina la baharia Mfaransa, Bougainville, imekwisha kupata matamshi ya Kiswahili. Kilichobaki ni kuuita mmea wake mboganvilia.

Lakini liko ua moja linalotutia haya. Ni ua dogo la zambarau lenye asili ya Tanga na milima ya Usambara, ambalo leo hupambia madirisha ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1893 Hermann Wendland aliliita Saintpaulia, kwa jina la ukoo wa Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga aliyelipeleka kwao. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jenasi ya Streptocarpus. Wajerumani hulitaja kwa jina la Usambara. Sisi wenye Usambara hatuna istilahi tuliyokubaliana.

Tungeweza kuliita urujuani wa Usambara. Hata hivyo, tusiharakishe kutafsiri. Ni wajibu wetu kwanza kuwauliza wazee wa huko wanaliitaje, kwani lugha za jirani ni hazina ya Kiswahili. Ndugu msomaji mwenye kulijua jina hilo, tafadhali tuandikie.