Bukavu: Aliyeitwa mchawi nyumbani hutafuta ndugu sokoni Nyawera

Kwenye soko la Nyawera, tarafa ya Ibanda mjini Bukavu, wakaaji wamezoea kuona watoto wakibeba mizigo ya wamama ao kuuza sashe kwa franka chache. Wengi huwaita maibobo na kuishia hapo. Ni mara chache mtu huuliza kwa nini mtoto aliacha nyumba ya wazazi.

Sababu ni nyingi: vita vijijini, umaskini, kifo cha mzazi. Lakini kuna moja ambayo familia hazipendi kuitaja: mtoto kuitwa mchawi. Mara nyingi huanza na jambo dogo. Mtoto anakojoa kitandani, anaweweseka usiku, ana kifafa, ao ni yatima anayelelewa na mama wa kambo. Biashara ikianguka ao mtu akifariki, macho yote yanamgeukia. Anakula peke yake, na wenzake wanakatazwa kucheza naye. Mwishowe yeye pia anaanza kuamini kwamba hafanani na wengine.

Barabarani anapata kundi. Wanagawana mkate, wanalala pamoja, wakubwa wanamtetea. Anapata jamaa, lakini pamoja nayo fimbo, dawa za kulevya na kukamatwa.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemshtaki kwa kifungo cha mwaka 1 hadi 3, pamoja na faini. Kwa hiyo mwenye kosa si mtoto. Ni mzazi, jirani ao mchungaji aliyemsingizia.

Mjini Bukavu, shirika PEDER limehudumia watoto wa barabarani kwa miaka mingi. Katika kazi ya namna hii, kumtoa mtoto sokoni si ndiyo sehemu ngumu. Ngumu ni kuzungumza na familia, mara moja, mara mbili, mara tatu, mpaka wakubali kumpokea. Akirudishwa mbio mbio, jina lile lile linamngoja mlangoni, na njia ya Nyawera anaijua.

Kifafa kina dawa hospitalini. Kukojoa kitandani huisha kwa wengi wanapokua. Lakini jina la mchawi haliishi lenyewe: aliyelitoa ndiye anapaswa kulifuta, mbele ya wale wale waliolisikia.