Kwa nini vigogo wa NBA huanguka katika mchujo

MASHABIKI wa mpira wa vikapu wana desturi moja kila Aprili inapobisha hodi. Huchukua jedwali la Ligi ya Mpira wa Vikapu ya Marekani (NBA), hutazama timu iliyo kileleni, kisha huanza kuhesabu vikombe kabla ya kipenga kupulizwa.

Desturi hiyo imewaliza wengi. Miongoni mwao ni wafuasi wa Dallas Mavericks, ambao mwaka wa 2007 waliona timu yao ikishinda mechi 67 na kupoteza 15 pekee, halafu ikabanduliwa katika raundi ya kwanza na Golden State Warriors, kikosi kilichoshinda mechi 42 na kushindwa 40.

Uchungu huo ulizidi majuma mawili hivi baadaye, nyota wa Dallas, Mjerumani Dirk Nowitzki, alipotangazwa mchezaji bora wa msimu. Alipokea tuzo hiyo ilhali timu yake ilikuwa tayari imefunga virago.

Je, inawezekanaje timu iliyotamba kwa miezi sita ikaporomoka kwa majuma mawili? Jibu limo katika tofauti kati ya msimu wa kawaida na mchujo, tofauti ambayo jedwali la ligi haliwezi kuionyesha.

NBA ina timu 30 zilizogawanywa katika Kanda ya Mashariki na Kanda ya Magharibi, 15 kila upande. Kila timu hucheza mechi 82. Sita za kwanza katika kila kanda hufuzu moja kwa moja, nazo zile za nafasi ya saba hadi ya kumi hupambana kuwania nafasi mbili zilizosalia. Utaratibu huo wa timu nne kupigania nafasi za mwisho ulianza kutumika 2021.

Baada ya hapo, nambari moja hukutana na nambari nane, nambari mbili na saba, na kuendelea. Mshindi ni yule anayetangulia kupata ushindi wa mechi nne kati ya saba.

Mfumo huu umewekwa makusudi ili kumlinda mwenye nguvu. Chukulia timu iliyo na uwezekano wa asilimia 60 wa kumshinda mpinzani katika mechi moja. Mechi zikiwa tano, uwezekano wake wa kusonga mbele ni takriban asilimia 68. Zikiwa saba, hupanda hadi asilimia 71.

Hata hivyo, hesabu hiyo hiyo yafaa isomwe pia kutoka upande wa pili. Timu bora kiasi hicho bado huweza kutolewa karibu mara tatu katika kila mara kumi. Shabiki anayeapa kwamba timu yake haiwezi kushindwa anaapa juu ya mchanga.

Kweli, kwa nambari nane mlima ni mrefu zaidi. Tangu mchujo ulipoanza kuhusisha timu 16 mwaka wa 1984 hadi ule wa 2025, nambari moja na nambari nane zilikutana mara 84 katika raundi ya kwanza. Wanyonge walipenya mara sita tu: Denver Nuggets 1994, New York Knicks 1999, Golden State 2007, Memphis Grizzlies 2011, Philadelphia 76ers 2012 na Miami Heat 2023.

Visa hivyo sita vina mafunzo zaidi ya yale 78 ambapo mkubwa alishinda.

Funzo la kwanza ni kwamba mpinzani ana uzito kuliko nafasi. Katika msimu wa kawaida timu mbili hukutana kwa kawaida mara mbili hadi nne, tena baada ya safari ndefu na mechi za siku mbili mfululizo. Kocha hana wasaa wa kumchunguza adui mmoja. Katika mchujo humkabili yule yule kwa majuma mawili, na kila udhaifu huanikwa juani.

Dallas walijikwaa hapo. Kocha wa Golden State, Don Nelson, alikuwa ameifundisha Dallas hadi 2005, na Avery Johnson aliyemrithi alikuwa msaidizi wake. Nelson alimjua Nowitzki ndani na nje. Alimwekea walinzi wafupi kuliko yeye lakini wepesi, akiwemo Stephen Jackson, waliomganda kifuani na kumnyima nafasi ya kugeuka na kutupa.

Dalili zilikuwapo mapema. Golden State walikuwa wameilaza Dallas katika mechi zote tatu za msimu huo wa kawaida. Aliyetazama jedwali aliona pengo la ushindi 25 kati ya timu hizo, lakini aliyetazama walivyokutana uwanjani aliona hatari.

Huenda Johnson mwenyewe aliiona. Katika mechi ya kwanza alibadilisha kikosi kilichomletea ushindi 67, akamweka benchi mchezaji wake mrefu wa kati, Erick Dampier, ili aende sambamba na kasi ya wageni. Dallas walishindwa 97-85 nyumbani. Mwenye nguvu alikuwa ameanza kucheza mchezo wa mnyonge. Mnamo Mei 3, 2007, pazia lilifungwa kwa kichapo cha 111-86, Nowitzki akiambulia pointi nane.

Funzo la pili lahusu upana wa kikosi. Katika mechi 82 kocha huhitaji wachezaji tisa au kumi wa kutegemewa, maana uchovu ni adui wa kila siku. Katika mchujo kuna mapumziko kati ya mechi, hivyo nyota huweza kucheza zaidi ya dakika 40 kati ya 48, na wale wa pembeni hukaa wakitazama. Timu iliyopanda jedwali kwa wingi wa wachezaji wazuri hupoteza faida yake, ilhali ile yenye nyota mmoja au wawili wakali hupata nguvu mpya.

Jimmy Butler wa Miami alilithibitisha hilo mwaka wa 2023. Miami walishindwa na Atlanta Hawks katika mechi ya kuwania kufuzu, wakaponea dhidi ya Chicago Bulls, kisha wakapangwa na Milwaukee Bucks waliokuwa wameongoza ligi nzima kwa ushindi 58. Butler alifunga pointi 56 katika mechi ya nne, na Milwaukee wakaaga kwa kushindwa 4-1. Miami walifika hadi fainali kabla ya kuzimwa na Denver.

Kisa hicho chaleta funzo la tatu, ambalo ni chungu zaidi: jeraha halina heshima kwa jedwali. Nyota wa Milwaukee, Giannis Antetokounmpo, aliumia mgongo katika mechi ya kwanza na kukosa mbili zilizofuata.

Miaka 11 kabla ya hapo, Chicago waliingia mchujoni wakiwa nambari moja Mashariki. Katika dakika za mwisho za mechi ya kwanza dhidi ya Philadelphia, ambayo tayari walikuwa wakielekea kuishinda, Derrick Rose alianguka akishika goti la kushoto. Chicago walitolewa 4-2. Rose, mchezaji bora wa msimu wa 2011, alikosa msimu wote uliofuata na hakuwahi kurejea katika kiwango kile.

Kwa hiyo swali la shabiki mwerevu mwezi wa Aprili si timu yake imeshinda mechi ngapi, bali ni nani mzima na nani anachechemea.

Funzo la nne ni kwamba timu ya Aprili huenda si ile ya Novemba. Houston Rockets walimaliza msimu wa 1995 wakiwa nambari sita Magharibi kwa ushindi 47. Jedwali lilihesabu mechi zote, zikiwemo zile zilizochezwa kabla ya Clyde Drexler kujiunga nao mwezi Februari na kuungana na Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, Nigeria.

Houston waliwaangusha Utah Jazz, Phoenix Suns, San Antonio Spurs na Orlando Magic, timu nne ambazo kila mojawapo ilikuwa imeshinda mechi 57 au zaidi. Hadi 2025 hapakuwa na timu nyingine iliyotwaa ubingwa ikitokea nafasi ya chini kama hiyo.

Lipo pia suala la uwanja wa nyumbani. Aliyemaliza juu huandaa mechi mbili za kwanza, kisha ya tano na ya saba ikiwa zitahitajika. Hiyo ndiyo zawadi kuu ya miezi sita ya jasho. Lakini zawadi hiyo huwa na thamani mradi tu haijaporwa. Mgeni akishinda mechi moja kati ya mbili za mwanzo, faida huhamia kwake, kwa kuwa huweza kumaliza kazi bila kushinda tena ugenini.

Golden State, ambao 2007 walikuwa wanyonge, walionja dawa hiyo walipokuwa wakubwa. Mwaka wa 2016 walishinda mechi 73 na kupoteza tisa, rekodi iliyoipiku ile ya 72-10 ya Chicago ya 1996. Katika fainali waliongoza Cleveland Cavaliers 3-1. Kisha Draymond Green akakosa mechi ya tano kutokana na marufuku, Cleveland wakafufuka, na mechi ya saba ikaisha 93-89 mbele ya mashabiki wa Golden State wenyewe. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Pamoja na hayo, mchujo una raha yake kwa wale ambao hawatarajiwi chochote. Mnamo 1994 Denver, kwa ushindi 42 na kushindwa 40, waliwakabili Seattle SuperSonics waliokuwa na ushindi 63. Wakati huo raundi ya kwanza ilikuwa ya mechi tano, na Denver walipoteza mbili za mwanzo. Walishinda tatu zilizofuata, ya mwisho ikienda muda wa ziada.

Kipenga cha mwisho kilipolia, Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alilala chali sakafuni akiwa ameukumbatia mpira kwa mikono miwili juu ya kichwa, akicheka. Katika mechi hizo tano alikuwa amezuia mipira 31. Mutombo alifariki Septemba 2024, lakini picha hiyo ingali inawapa matumaini wafuasi wa kila timu inayofuzu kwa taabu.

Kwa shabiki wa Kenya, kuifuata timu wakati huu ni gharama ya usingizi. Mechi inayoanza saa mbili usiku New York huanza saa tisa usiku Nairobi, na zile za pwani ya magharibi ya Marekani humkuta mtu akijiandaa kwenda kazini. Anayejinyima kiasi hicho anastahili kujua anachokitazama.

Basi na atazame mambo manne: timu yake ilifanyaje ilipokutana na mpinzani huyu, nyota wake wana afya gani, imechezaje tangu Februari, na nani atapokonya mechi ya kwanza ugenini. Nafasi katika jedwali ije baada ya hayo.

Wala asikate tamaa mambo yakienda mrama. Mwaka wa 2011 Dallas waliingia mchujoni wakiwa nambari tatu Magharibi kwa ushindi 57, kumi pungufu ya ule wa 2007. Waliwafagia mabingwa watetezi Los Angeles Lakers 4-0, kisha wakaifunga Miami 4-2 katika fainali na kunyakua ubingwa wao wa kwanza. Mchezaji bora wa fainali hizo alikuwa Dirk Nowitzki.